Mguu wa Mwanafunzi Ni wa Nani?

Kuumia michezoni ni jambo la kawaida hata watu hulitaja kama wanavyotaja mvua. Mchezaji huanguka, hubebwa, mwenzake huingia mahali pake, na mchezo huendelea. Watazamaji hupiga makofi machache ya huruma, kisha macho yao hurudi kwenye mpira. Aliyebebwa ndiye peke yake ambaye mchezo wake umegeuka kuwa mwingine. Na juu ya mchezo huo wa pili, uchezwao kitandani, ngazini na mlangoni pa daktari, hapana mtu aliyemfundisha neno. Mwalimu alimfundisha kukimbia, kukaba na kupiga mpira. Hakumfundisha kukaa.

Katika kukaa huko hutokea swali ambalo mwenye afya halijui. Mguu wa mwanafunzi ni wa nani? Mwepesi wa kujibu atasema ni wake mwenyewe, maana maumivu ni yake. Walakini jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mguu wa mchezaji aghalabu umekwisha kuahidiwa watu wengi kabla ya kuumia. Timu yautegemea, shule yajivunia, na pengine nyumba nzima yaishi kwa tumaini lake. Nitalifuata swali hili mpaka Pipeline, katika Nairobi, kwa sababu huko ndiko nilikoliona likiulizwa kwa mguu wa kweli.

Pipeline ni mtaa wa Embakasi, upande wa mashariki wa jiji. Jina lake lilitokana na bomba la mafuta litokalo Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Majumba ya mtaa huu yamesimama bega kwa bega, orofa sita, saba, nane na zaidi, na vichochoro vilivyo baina yake ni vyembamba hata katika vyumba vya chini taa huwashwa mchana. Familia nyingi hukaa katika chumba kimoja. Maji hununuliwa kwa mitungi ya lita 20 na hupandishwa kwa mkono, maana mfereji haufiki juu au hufika ukiwa mkavu, na majumba mengi hayana lifti. Kiwanja cha kuchezea ni haba kuliko maji. Hata hivyo mtaa huu watoa wachezaji, na si ajabu sana ukifikiri: mtoto aliyejifunza kupiga chenga mahali penye upana wa hatua tatu, baina ya meza ya mama mboga na pikipiki iliyoegeshwa, akipewa kiwanja kizima hujiona amepewa nchi.

Katika jumba mojawapo, orofa ya sita, alikaa mama mmoja na wanawe watatu. Mama huyu alikuwa akifua nguo za watu katika mitaa ya jirani, kazi ambayo ujira wake hulipwa kwa siku, na hukoma siku ambayo mkono unauma. Mwanawe wa kwanza alijaliwa miguu. Shule moja ya bweni, nje ya jiji, ilimwona akicheza, ikampokea na kumsamehe sehemu kubwa ya karo. Hapakuwa na hati iliyoandikwa kwamba msamaha huo ni bei ya mabao, wala hapana mtu aliyelitamka neno hilo. Lakini kijana alilijua, mama alilijua, na hata wadogo zake walilijua. Jambo linalojulikana na wote bila kutamkwa hufunga kuliko mkataba.

Alipokuwa kidato cha tatu, muhula wa pili, wiki mbili kabla ya mashindano ya shule, aligeuka ghafula katika mazoezi na goti likatoa sauti. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya nguo. Usiku goti lilivimba. Asubuhi aliweza kutembea, na kwa kuwa aliweza kutembea alijiambia kwamba hakuumia. Alilifunga kitambaa chini ya soksi ndefu, akameza vidonge vya kutuliza maumivu alivyonunuliwa dukani na mwenziwe, akacheza. Alicheza mechi mbili, akafunga bao katika ya kwanza. Katika ya tatu hakuguswa na mtu. Aligeuka tu kuufuata mpira, na goti likamwacha.

Nilipomwuliza kwa nini hakusema tangu siku ya mazoezi, alinijibu kwa hesabu. Goti ni nafasi katika timu. Nafasi ni karo. Karo ni mikono ya mama. Kukiri kwamba goti linauma kulikuwa, kwake, sawa na kumwambia mama yake afue mara mbili. Sitaki msomaji aidharau hesabu hii. Mtu aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na ni rahisi kwa mwenye bima, gari na nyumba ya chini kumwambia kijana wa orofa ya sita kwamba afya ni bora kuliko mpira. Kijana hakuuchagua mpira badala ya afya. Aliuchagua badala ya mgongo wa mama yake ulioinama juu ya beseni.

Wanafunzi wenziwe walimsifu. Mmoja alimwambia kwamba yeye ni Akhwari wa shule yao, na sifa hiyo ilimkaa moyoni siku nyingi, ikamfariji na kumdhuru kwa pamoja. Habari za Akhwari zastahili kutazamwa vizuri, maana husimuliwa nusu.

John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, aliikimbilia Tanzania katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Jiji hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200, na hewa yake nyembamba iliwatesa wakimbiaji wengi. Njiani alianguka katika msongamano. Goti lake likateguka na bega likagonga barabara. Watu 75 walianza mbio zile na 57 walizimaliza. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, jua limekwisha kuchwa, watazamaji wengi wamekwenda zao, mguu umefungwa bendeji, akachechemea mpaka kwenye utepe, mtu wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio tu, bali azimalize. Siku iyo hiyo, katika uwanja uo huo, Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye alikuwa akiugua nyongo na alikuwa ameanguka kwa maumivu katika mbio za mita 10,000 siku chache nyuma, alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9.

Hadithi hizi mbili zimewalea watoto wa Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya nusu karne, nami sina nia ya kuzipunguza. Mtu aliyemaliza mbio akiwa wa mwisho alitufundisha jambo ambalo washindi hawawezi kutufundisha. Lakini tuangalie bendeji yake. Ilionekana. Uwanja mzima uliiona, madaktari waliifunga kwa mikono yao, na kamera zikaichukua mpaka leo. Akhwari hakumficha mtu kwamba ameumia. Alikwenda na maumivu yake mbele ya watu, na kila aliyemtazama alijua anachotazama. Bendeji ya kijana wetu ilikuwa chini ya soksi. Mwalimu alipompanga kucheza, alidhani anapanga mguu mzima. Mchezaji wa akiba, aliyekuwa na miguu miwili mizima, alikaa benchini kwa ajili ya uongo. Na wenzake tisa waliokuwa mbele ya mlinda mlango walimpigia mpira mtu ambaye hakuwapo. Tofauti ya watu hawa wawili haimo katika kiasi cha maumivu. Imo katika soksi.

Tena kuna nusu ya habari ambayo hapana anayeisimulia. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni, akatumia saa 2 na dakika 15, upesi kuliko alivyokimbia mshindi wa Mexico. Baina ya Oktoba 1968 na Julai 1970 kuna miezi 21. Katika miezi hiyo hapakuwa na kamera, wala utepe, wala makofi. Palikuwa na goti lililohitaji kupona na mtu aliyepaswa kuanza tena. Filamu yatuonyesha dakika chache za usiku wa Mexico, na watoto wetu hudhani kwamba ujasiri ni zile dakika.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kijana alijua mithali hiyo, aliandika insha juu yake kidato cha kwanza akapata alama nzuri. Lakini mithali ijulikanayo na mithali ifuatwayo ni vitu viwili. Alijua pia ile isemayo mvumilivu hula mbivu, na hiyo ndiyo aliyoifuata. Mithali zetu hazikosi kupingana, na kazi ya akili ni kujua ipi ni ya siku ipi. Uvumilivu wamfaa mtu anayengoja goti lipone. Haumfai anayelikimbiza.

Maana mwili una sheria zake, na hausikii sifa. Ndani ya goti mna kano moja ipitayo mshazari kutoka mfupa wa paja mpaka muundi, nayo huzuia mifupa isiteleze mtu anapogeuka. Ikikatika hairudi kuungana kwa kukandwa, wala kwa maji moto, wala kwa maombi peke yake. Mtu aweza kutembea bila kano hiyo, na hapo ndipo hila ilipo, kwa kuwa kutembea humdanganya adhani amepona. Lakini akirudi kukimbia na kugeuka, gegedu zilizo kama mito baina ya mifupa husagwa kidogo kidogo, na hasara hiyo ndiyo imfuatayo uzeeni. Madaktari wakimpasua na kumtilia kano nyingine, humtaka angoje miezi tisa au zaidi kabla ya kucheza tena. Wasichana, katika michezo ya kuruka na kugeuka, huikata kano hii mara nyingi kuliko wavulana, na sijui ni mabinti wangapi wa netiboli walioambiwa wajikaze. Kichwa kina sheria kali zaidi. Mchezaji aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, au akasahau matokeo ya mchezo, hana ruhusa ya kurudi kiwanjani siku ile, hata akisema yu mzima. Kwa sababu chombo anachokitumia kusema kwamba yu mzima ndicho kile kile kilichogongwa.

Basi nani alaumiwe kwa uongo wa soksi? Kijana alisema uongo, na hilo halifutiki. Lakini uongo wake ulikuwa na washiriki ambao hawakufungua kinywa. Mahali ambapo kusema kweli kunagharimu karo, aliyepanga bei hiyo ameshiriki katika uongo utakaosemwa. Shule inayompokea mtoto kwa ajili ya miguu yake imeikopa miguu hiyo, na mkopaji hana budi kuuliza hali ya alichokopa. Asiseme kwamba hakuambiwa. Serikali nayo ililiona jambo hili kwa muda. Kuanzia mwaka 2018 wanafunzi wa sekondari za umma nchini Kenya walikuwa na bima ya matibabu iliyoitwa EduAfya, na mpango huo ulikoma mwaka 2023 mkataba wake ulipomalizika. Mtoto aliyevunjika mguu baada ya hapo alirudi kuwa mzigo wa beseni la mama yake. Naandika haya katika kitabu kitakachosomwa na wanafunzi, na yamkini mwalimu mmoja atachungulia begani mwao. Na achungulie.

Kuna wanaodhani kwamba kukaa chini ni mwisho wa jina la mchezaji. Wamtazame David Rudisha. Mwaka 2012 mjini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, upesi kuliko mtu yeyote kabla yake. Mwaka uliofuata goti lake liliuma, na mashindano ya dunia ya Moscow yakafanyika yeye hayumo. Aliporudi mwaka 2014 alishindwa na watu, na huko Glasgow akapata fedha badala ya dhahabu. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia mjini Beijing, na mwaka 2016 akapata dhahabu ya Olimpiki kwa mara ya pili, mjini Rio. Katika michezo iyo hiyo ya Rio, Julius Yego alirusha mkuki mita 88.24 katika raundi ya kwanza, kisha akaumia kifundo cha mguu na hakuweza kuendelea. Aliketi, wengine wakarusha, na fedha ikabaki kuwa yake. Najua kwamba watu hawa walikuwa na madaktari, na mikataba, na nchi nzima ikiwaulizia hali. Mtoto wa Pipeline hana hivyo. Nawataja ili ionekane tu kwamba kukaa si aibu ya watu wadogo.

Sasa nirudi kwenye orofa ya sita, maana huko ndiko kazi ngumu ilikofanyika.

Kijana aliletwa nyumbani na magongo mawili. Ngazi za jumba lile ni tisini na sita. Najua kwa sababu yeye alizihesabu, na kabla ya kuumia hakuwa amezihesabu hata mara moja. Wakati wa likizo, alipokuwa mzima, alikuwa akiwapandishia watu mitungi ya maji kwa ujira mdogo, na bibi mmoja wa orofa ya nne alimpandishia bure. Sasa vijana wa ploti walimpandisha yeye. Walibadilishana kumbeba mgongoni, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne ambaye kijana huyu alikuwa amempiga chenga kichochoroni mara zisizo na hesabu. Aliniambia kwamba maumivu ya goti yalikuwa madogo kuliko kusikia pumzi ya mtoto yule akihema chini yake kwenye orofa ya tano.

Majirani walileta walichokuwa nacho. Mmoja alileta maji moto na mzee ajuaye kukanda. Mwingine barafu katika mfuko, aliyoiomba kwa muuza samaki. Barafu ndiyo ingalifaa siku ile ya kwanza, pamoja na kuuinua mguu na kuupumzisha. Kuukanda uvimbe mbichi huuzidisha. Lakini siwacheki waliokanda. Walikuwa na mikono, wakaitoa. Kijana aliipokea mikono hiyo kwa uso uliokunjamana, akasema asante kama mtu anayelipa deni, na kila alipoweza alijifanya amelala ili asiombwe aeleze hali yake. Sisi huwafundisha watoto kutoa. Tangu utotoni huambiwa wagawe, wasaidie, wabebe mzigo wa mzee. Kupokea hatuwafundishi, na mtu asiyejua kupokea huwaumiza wale wanaompenda kwa namna ambayo hajui.

Katika siku zile nilimpelekea kitabu chenye habari za Epictetus. Mtu huyu aliishi zamani katika dola ya Warumi. Alikuwa mtumwa, baadaye akawa huru na mwalimu wa falsafa, na mguu wake ulikuwa mlemavu. Alifundisha kwamba ulemavu huuzuia mguu tu, wala hauizuii nia, isipokuwa mwenyewe akubali. Nilidhani nimempelekea dawa. Kijana alisoma, akanirudishia kitabu na kusema: "Mzee, mtu huyu alikuwa na nia nyingine. Nia yangu ilikuwa mguuni." Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninalo nusu tu. Ni kweli kwamba nia hukaa ndani ya mtu, lakini hujifunza kutembea kwa njia fulani: ya seremala hupita mkononi, ya mwimbaji hupita kooni. Ukiifunga njia hiyo ghafula, nia haifi. Lakini haijui itokee wapi, nayo huzungukazunguka ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Kumwambia kwamba nia yake i huru ni kumwambia aliyefungiwa kwamba nje kuna jua. Wahenga walikuwa na huruma zaidi waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema koleo halikuvunjika. Wala hawakusema mhunzi atapata jingine kesho.

Wiki ya tatu alimwambia mama yake kweli. Mama alikuwa akikamua shuka. Akasema, "Mama, mimi nilijua tangu siku ya mazoezi. Nilicheza nikijua." Mama alimaliza kuikamua shuka, akaitundika kwenye kamba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nitayaandika maneno yake kama kijana alivyonisimulia. "Mwanangu, mimi nafua kwa sababu nina mikono. Ungeniambia, ningejua nifanye nini kwa mikono yangu. Pengine ningelia, pengine ningekwenda kumwona mwalimu mkuu, pengine ningekuambia ucheze. Sijui. Lakini ningekuwa mama yako wiki zile mbili. Wewe uliniacha nikafua nguo za watu kama mjinga."

Hapo ndipo nilipoona kosa la ile hesabu. Tarakimu zake zilikuwa sahihi. Goti lilikuwa karo kweli, na sitamdanganya msomaji kwa kusema kwamba mambo yalitengenea: mwaka uliofuata shule ilimpunguzia msamaha wa karo, ikampa nusu ya ule wa kwanza, na iliyobaki ilitoka kwenye chama cha akina mama wa ploti na kwa mjomba mmoja aliyekopa. Hofu yake haikuwa ya bure. Kosa ni kwamba alimhesabu mama yake miongoni mwa mizigo tu. Hakumhesabu miongoni mwa wenye haki ya kujua. Kwa kutaka kumwepusha na mzigo alimwondolea sehemu yake katika uamuzi, na mtu akiondolewa sehemu hiyo, hata kwa mapenzi, amefanywa mdogo. Nilikuwa nimeuliza mguu ni wa nani kana kwamba ni shamba lenye hati moja. Naona sasa kwamba mwenye kuumia ana neno la mwisho juu ya mguu wake, na wale watakaombeba wana haki ya neno la kwanza: waambiwe. Neno la mwisho linalotamkwa gizani, kabla ya la kwanza kusikiwa, halina uhuru mwingi ndani yake. Laamuliwa na hofu, na hofu haina ndugu.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Alirudi shuleni kwa magongo, akasoma, maana masomo yalimngoja. Alama zake zilipanda katika Hisabati na kushuka katika Kiswahili, jambo ambalo sikumsamehe. Hakupasuliwa mwaka ule kwa sababu ya gharama. Alifanya mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa viungo hospitalini, ya kuinua mguu na kukaza paja, kwenye sakafu ya chumba kile kimoja, wadogo zake wakimruka kwenda mlangoni. Sasa atembea vizuri. Akishuka ngazi hutanguliza mguu mmoja siku zote, na asiyemjua hataona.

Muhula wa pili wa mwaka uliofuata mwalimu alimpa kazi ya kuandika mabao na kadi, akakaa kando ya kiwanja na daftari. Siku moja, kabla ya mchezo, alimwona mtoto wa kidato cha kwanza, mchezaji hodari, ameinama nyuma ya wenzake, akivuta soksi juu. Akavuta tena. Chini ya soksi palikuwa na kitambaa.

Alimwendea, akamwambia kwa sauti ya chini: "Nenda ukamwambie mwalimu. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi." Mtoto alimsihi. Alimwambia kwamba nyumbani wanamtegemea, kwamba baba yake amekuja kutoka mbali kumtazama, kwamba haumi sana. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama na daftari lake akamngoja. Mtoto alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, machozi yakimtoka, akavua jezi. Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili wa kiwanja, na filimbi ilipopigwa alikuwa bado akitafuta kwa macho nambari ya mwanawe miongoni mwa wachezaji.

Mtoto yule hakumsalimu kijana tena mpaka muhula ulipokwisha.